Namba Iliyofutwa Njiani Kwenda Wodini

Vijana wa ofisini waliniaga kwa keki na saa ya ukutani. Keki niliila. Saa niliifungua mgongoni kwanza kuona kama ina betri, na haikuwa nayo. Kisha wakaniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, eti itawasaidia. Nikawauliza ni nani aliyewatuma. Wakacheka, ingawa mimi sikuwa natania.

Basi naandika. Nani alinipandisha cheo na nilikuwa nalipwa nini hayo yabaki kwangu na kwa mhasibu. Nitaandika kuhusu alama zisizoonekana, zile zinazosafiri ndani ya maandishi ya kompyuta bila mtu kuziona, na jinsi mwanamke mmoja wa maabara alivyokaribia kufukuzwa kazi kwa sababu yake. Hospitali yake iko wilaya ya Muleba. Jina la hospitali silitaji, na majina ya watu nimeyabadili, kwa hiyo msihangaike kubahatisha.

Nilianza kazi Bukoba, kwenye chumba cha nyuma cha ofisi iliyohudumia kompyuta za hospitali na miradi ya maji ya jimbo letu. Mwalimu wangu alikuwa Ta Wilbard (kwetu Wahaya Ta ni Bwana, na Ma ni Bibi), mzee mwembamba aliyekuwa zamani fundi wa mitambo ya simu za maandishi. Siku ya kwanza hakuniuliza cheti. Alimimina chai kwenye vikombe viwili, akachukua kile cha kwangu, akanywa funda moja, ndipo akanipa.

Kwetu hilo halihitaji maelezo, lakini baadhi yenu mmetoka mbali. Mhaya akikukaribisha rubisi, pombe yetu ya ndizi, anavuta yeye kwanza kwenye mrija, kisha anakukabidhi. Tunasema ni heshima. Ukweli ni kwamba mgeni anaonyeshwa kuwa ndani hamkutiwa kitu, na heshima yenyewe inatoka hapo. Ta Wilbard aliihamisha desturi hiyo ikaingia kazini. "Evodia," aliniambia, "usimkabidhi mtu kitu ambacho hujakionja. Na ukionja, onja kikombe chake, siyo chako."

Mchana ule alinionyesha ripoti ya pampu ya maji kwenye skrini. Ilikuwa safi, vichwa vya habari vyeusi tii, onyo kwa rangi nyekundu. Kisha akaituma ripoti ileile kwa printa ya zamani, ile ya kupiga kelele. Ikatoka imejaa takataka: mabano, namba, herufi zilizosimama peke yake mahali pasipo na maana. Akaniuliza ipi ni ripoti ya kweli. Nikasema ya kwenye skrini. Akaniambia nirudi nyumbani, tutaendelea kesho.

Kesho yake alinieleza, nami nawaeleza ninyi. Mashine ikitaka skrini ibadilishe rangi, au ifute mstari, au ihamishe mahali pa kuandikia, inapenyeza agizo katikati ya maandishi. Agizo linaanza kwa herufi isiyoonekana iitwayo Esc, kisha mabano ya mraba, kisha pengine namba, kisha herufi moja ya mwisho inayotaja kazi yenyewe. Ikiwa m, ni rangi. Ikiwa K, ni kufuta mstari kuanzia hapo ulipo. Ikiwa J, ni kufagia skrini. Ikiwa H, ni kuhama. Skrini inatekeleza agizo na kulificha, kwa hiyo wewe unaona matokeo tu. Printa haijui kuficha, inakuonyesha kila ilicholetewa.

Tangu siku hiyo sikuamini skrini tena. Mume wangu anasema nilianza kutoamini vitu vingine vingi pia, lakini yeye ana sababu zake za kusema hivyo.

Kazi niliyoipenda ilikuwa kusafisha maandishi hayo. Chombo chake ni regex, yaani kanuni fupi ya kuieleza kompyuta umbo la kitu unachokitafuta badala ya kitu chenyewe. Husemi "futa alama hii." Unasema "futa chochote kinachoanza hivi, kikapita hapa, kikaishia hivi." Ni chombo kitamu na chenye hila. Kanuni yangu ya kwanza ilifuta rangi zote vizuri, ikaziacha alama za K zikining'inia kila mwisho wa mstari. Mkuu wa mradi wa maji aliniita akaniuliza kama hiyo K ni kifupi cha Kagera. Nikamwambia bado tunachunguza.

Lakini la kutisha zaidi alinionyesha Ta Wilbard mwenyewe. Pampu moja ilikuwa inazimika, na kila aliyetazama skrini aliona imeandikwa "sawa". Tulipoichukua taarifa mbichi, kabla skrini haijaigusa, tulikuta mstari umeandikwa "imezimika", ukarudishwa mwanzo, ukaandikwa "sawa" juu yake. Yote mawili yalikuwemo, ila skrini inaonyesha la mwisho tu. "Umeona?" alisema. "Kwa hiyo kwanza unahifadhi mbichi. Ukishahifadhi, ndiyo unaanza kusafisha." Baada ya miaka kadhaa alistaafu, akarudi Kamachumu kwenye kahawa zake, akaniachia printa ile na chupa ya chai.

Sasa nifike Muleba.

Daktari mfawidhi wa hospitali ile, Dokta Mutalemwa, alinipigia simu asubuhi moja. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua. "Ma Evodia, njoo uangalie kompyuta za maabara. Kuna mtu anafuta majibu ya wagonjwa, nami ninamjua. Nataka uthibitishe tu kabla ya kikao cha Ijumaa."

Mtu akikuambia uende ukathibitishe, jiulize kwa nini hasemi uende ukaangalie. Nilibeba kompyuta yangu, waya za kuunganishia mashine, na mashaka yangu, nikapanda gari la ofisi.

Habari ilikuwa hii. Kampuni ya vijana kutoka mjini ilikuwa imeiunganisha mashine ya kupima damu na kompyuta za wodini. Sisi wa Bukoba hatukuitwa wakati wa kuifunga. Tuliitwa ilipoharibika, kama kawaida. Tangu ifungwe, karatasi za baadhi ya wagonjwa zilikuwa zinatoka wodini zikiwa na pengo mahali pa kiwango cha damu. Wodini hawakushtuka, kwa sababu enzi za kuandika kwa mkono maabara ile ilikuwa na mazoea yake: walijaza lililo baya tu, na palipoachwa wazi ilimaanisha hakuna tatizo. Muuguzi akiona pengo, anamwambia mgonjwa hakuna kitu, nenda nyumbani.

Halafu akaja mama mjamzito, viganja vyeupe, anahema. Karatasi yake ina pengo. Dokta Mutalemwa alimtazama machoni, akakataa kuamini karatasi, akaenda mwenyewe maabara. Mtaalamu wa zamu, Ma Adventina, akamjibu bila kusita kwamba damu ya mama yule ilikuwa tano na kidogo, ameiona kwenye mashine, nyekundu, na ameituma. Mama aliongezewa damu akapona. Dokta akarudi kupekua majalada, akakuta mapengo mengine, na karibu yote yalikuwa ya zamu za Ma Adventina.

"Sikiliza," aliniambia ofisini kwake. "Damu ikiwa chini, ni kazi ya maabara kutafuta wachangiaji. Wanahangaika, wanapiga simu vijijini, wanabembeleza ndugu. Damu ikiwa nzuri, wanakaa. Na kwenye majalada namba nzuri zipo zote, za chini hakuna hata moja; majibu yanayopotea ni ya damu ya chini tu. Kompyuta inachaguaje wagonjwa mahututi?"

Lilikuwa swali zuri, na ndilo lililonitia wasiwasi. Uharibifu wa kawaida haubagui. Ukibagua, mara nyingi kuna mkono wa mtu. Nilikwenda maabara nikiwa namshuku Ma Adventina, namshuku daktari aliyetaka kumtoa, na wale vijana wa kampuni nawashuku kwa mazoea.

Ma Adventina alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa Kanisa Katoliki, mama wa nyumba yenye watoto wanaosoma na mume anayeumwa mgongo. Bila mshahara ule nyumba yake ilikuwa haina pa kushika. Hakunibembeleza. Alifungua chupa, akamimina juisi ya ndizi, akanywa funda akinitazama usoni, akanipa kikombe.

"Mimi nimeonja, waitu," alisema, kwa neno letu la kumwita mtu mwenzetu. "Na hiyo mashine yenu ya kupeleka majibu, nani aliionja?"

Nikamwambia siyo yetu.

"Nyote mnatoka mjini mkiwa na waya mkononi. Mimi sijui ni ya nani. Ninachojua ni kwamba nilikaa hapa nikaiona tano nyekundu inang'aa, na wodini wakapata pengo. Ukiniambia mimi ndiye niliyeifuta, niambie niliifuta kwa kidole kipi."

Nikainywa juisi. Halafu nikampigia simu kijana wa kampuni. Alikuwa na adabu. "Mama, tuliipima kabla ya kukabidhi. Ilifanya kazi vizuri kabisa."

"Mliipima kwa damu ya nani?"

"Yetu wenyewe, mama. Tulitoa sote."

"Mna umri gani?"

Akanitajia. Vijana wazima, wanaocheza mpira, wanaokula nyama choma. Damu zao zilipita kwenye mashine, zikatoka kwa kijani, rangi ya damu nzuri, zikafika wodini salama. Hawakuwahi kupitisha damu ya mgonjwa. Walikuwa wameonja kikombe chao wenyewe.

Kila maabara ina vichupa vya damu ya kupimia mashine, ambavyo kiwango chake kinajulikana: cha chini, cha kawaida, cha juu. Ma Adventina aliviendesha kila asubuhi, ila majibu yake yanaishia maabara, hayatumwi wodini. Nikamwomba achukue kile cha chini, akiendeshe kwa jina langu kama mgonjwa, akitume. Mimi nikaingiza kompyuta yangu katikati ya waya nikamate kila kitu kibichi.

Mashine ikaonyesha namba nyekundu. Ma Adventina akaigusa kwa kidole. "Hiyo hapo." Muuguzi akaleta karatasi kutoka wodini, jina langu juu, na mahali pa damu pana pengo. Hakuna kilichoigusa namba ile kati ya mashine na wodi ila programu ya kampuni.

Nikafungua maandishi mabichi. Kwa damu ya kawaida, mashine ilikuwa inaandika hivi:

ESC[32m12.8ESC[0m

Agizo la kijani, namba, agizo la kurudisha rangi. Kwa damu ya hatari, mashine ilikuwa inaongeza agizo moja, la kufuta mstari kwanza ili namba isimame peke yake na ionekane vizuri:

ESC[31mESC[K5.1ESC[0m

Na kanuni ya vijana ya kusafisha ilikuwa hii:

\x1b\[.*?m

Maana yake: ukikutana na Esc na mabano, futa yote mpaka kwenye m ya karibu. Aliyeiandika alidhani kila agizo linaishia na m, kwa sababu rangi ndizo alizowahi kuziona. Kwenye damu ya kijani anafuta rangi, namba inabaki. Kwenye damu nyekundu anafuta rangi vizuri, kisha anakutana na agizo la K. Halina m. Basi anaendelea kutafuta m, anaimeza K, anaimeza tano nukta moja, mpaka anaikuta m ya agizo la mwisho, anasimama hapo akiwa ameridhika. Wodini panafika pengo.

Ndiyo maana ilikuwa inachagua wagonjwa mahututi. Agizo lililowekwa ili namba ya hatari ionekane zaidi ndilo lililoifutisha. Na mapengo yalikuwa ya zamu za Ma Adventina kwa sababu yeye alipangiwa zamu za kliniki ya wajawazito na wazee, siku ambazo damu za chini zinakuja.

Dokta Mutalemwa alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole kwamba hilo jaribio nimeliandaa mimi na mtuhumiwa, tukiwa wawili chumbani. Sikukasirika. Ningekuwa yeye ningesema hivyohivyo. Nikamwambia aje aendeshe mwenyewe. Akavaa glavu, akaweka kichupa cha chini, akaandika jina lake, akatuma, akatembea mwenyewe mpaka wodini. Aliporudi ameshika karatasi, alikaa kwenye kiti cha maabara bila kukaribishwa.

"Mimi hapa nina damu ya kufa," alisema, "na karatasi inaniruhusu niende nyumbani."

Kanuni nikaibadilisha. Ni vizuri muijue: \x1b\[[0-?]*[ -/]*[@-~]. Haitafuti m. Inapita namba na alama za agizo, inasimama kwenye herufi ya kwanza inayofunga agizo hilo, iwe m, iwe K, iwe yoyote. Nikaweka pia nakala mbichi ihifadhiwe kabla ya kusafisha chochote. Tukaendesha vichupa vyote vitatu mpaka wodini, na namba zote zikafika.

Kikao cha Ijumaa kilikaa, lakini kwa habari nyingine. Dokta alileta chupa ya chai kutoka nyumbani kwake, akamimina mbele ya watu wote, akaonja, akampa Ma Adventina. Wote tulielewa. Ma Adventina alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akakiweka mezani.

"Asante, daktari. Nitakunywa tukishawapata wote wenye mapengo."

Na hapo ndipo nilipoona aibu kwa niaba ya chumba kizima. Sisi tulikuwa tunafurahi kwamba yeye amenusurika. Yeye alikuwa anawafikiria walioambiwa hakuna kitu.

Pengo lenyewe sasa lilikuwa jibu, kwa maana lilitokea kwa mwenye damu ya hatari tu. Tulitoa majalada, tukawaita watu kwa simu, kwa watendaji wa vijiji, kwa matangazo kanisani. Walirudi mmoja mmoja, wengine wakisindikizwa, wakapimwa upya, wakatibiwa. Alibaki mmoja asiyepokea simu, mzee wa Kishanda niliyempa hapa jina la Ta Laurenti. Tukaenda watatu: daktari, Ma Adventina na mimi.

Mke wake, Ma Justa, alikuwa anageuza kahawa kwenye jamvi uani. Daktari alipouliza kama Ta Laurenti yupo, alinyoosha mkono kuelekea kwenye migomba nyuma ya nyumba. Kaburi lilikuwa bado la udongo, nyasi zake hazijashika.

Akatukaribisha ndani. Akaleta rubisi kwenye kibuyu, akavuta yeye kwanza kwenye mrija, akampa Ma Adventina. Ilizunguka mpaka kwangu.

"Hospitali mlitusaidia sana," alisema. "Mlimpima, mkatuambia hakuna kitu. Ndipo tukajua."

"Mkajua nini, Ma?" daktari aliuliza.

"Kwamba ni kudeka tu. Alikuwa analala mchana, anasema miguu haina nguvu, moyo unakimbia. Na msimu wa kahawa ndio huo. Wanangu walikasirika. Mimi nilimwambia, Ta Laurenti, karatasi imesema huna kitu, inuka ukavune kama wenzako. Akainuka. Alivuna siku mbili tatu."

Daktari alitazama chini. Ma Adventina ndiye aliyesogeza kiti.

"Ma Justa, karatasi ilidanganya. Mumeo alikuwa mgonjwa kweli. Mimi nilipima damu yake kwa mikono hii, ilikuwa chini. Namba ilipotea njiani kabla ya kuwafikia. Tumekuja kukuambia hivyo."

"Angepona?" aliuliza, akimtazama daktari.

"Sijui," alisema daktari. "Tungejaribu. Nakuomba radhi, mama."

Ma Justa alikivuta kibuyu upande wake. Nilitegemea atatufukuza, na nilikuwa nimekwisha kushika mkoba wangu. Alipoongea hakuongea na sisi.

"Kumbe hakuwa ananidanganya," alisema.

Akalia, nasi tukakaa naye mpaka wanawe walipotoka shambani, na ikabidi kusema tena yote mbele yao. Mkubwa alitoka nje katikati ya maneno.

Kabla ya kuondoka, Ma Adventina alimwomba Ma Justa jambo moja. "Kila asubuhi," alimweleza, "nitapima kichupa cha damu ya chini na kutuma jibu mpaka wodini, ili tujue namba inafika. Lazima niandike jina la mgonjwa. Tulikuwa tunaandika la daktari. Ninaomba niandike la mume wako." Ma Justa alifikiri, akasema, "Liandike. Na muwe mnalisoma."

Kile kikombe cha daktari sijui kama Ma Adventina alikuja kukinywa. Mimi niliyezoea kuuliza kila kitu, hilo sikuuliza.

Sasa nimestaafu, nipo Kahororo, saa mliyonipa imetundikwa na betri nilinunua mwenyewe. Kila asubuhi chai yangu haijamiminwa bado ninapopiga simu Muleba. Mnasema programu mpya haina kasoro, kwamba nipumzike. Ndiyo maana napiga. Ma Adventina hupokea akiwa wodini, karatasi mkononi, na huwa haniamkii kwanza.

"Ta Laurenti ametoka," ananiambia. "Damu yake iko chini. Imeandikwa."

Ndipo namimina chai.